Mama Alikaa Eda Kwenye Nyumba Inayoshuka

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mdomo wangu haujui kuanza maneno na wewe bila shikamoo, na umri huu si wa kujifunza utovu wa adabu.

Barua za kwetu huanza kwa kusema sisi huku wazima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Leo nageuza. Wewe umelala mahali pasipo na hofu, inshallah. Hofu yote imebaki huku Kariakoo, ndani ya nyumba yako, na tangu ulipotuacha sijalala usingizi wa kueleweka. Nyumba inashuka, baba. Upande wa chumba chenu unakwenda chini, na mama yumo humo humo chumbani, yuko eda yako, na kutoka hataki. Ndivyo hali ilivyokuwa kwa wiki nyingi, na ndiyo habari ninayotaka kukupa tangu mwanzo mpaka hapa tulipofika.

Barua hii naiacha wazi, isomwe na yeyote mwenye nyumba ya zamani hapa mjini. Kwa hiyo nitaeleza na yale unayoyajua. Nivumilie, ulizoea kunivumilia nikiwa na maneno mengi.

Ilianza kabla ya arobaini yako. Mlango wa chumba chenu ukagoma kufunga. Mimi nikadhani mbao zimevimba kwa unyevu, nikamwita seremala akaukwangua. Wiki haikuisha ukagoma tena, safari hii kwa juu. Kisha siku moja nimekaa sakafuni kwa mama namenya vitunguu, kimoja kikaniponyoka kikaviringika chenyewe mpaka ukutani, upande wa jirani zetu kina Shaibu. Nikakirudisha. Kikaenda tena. Mama akanitazama, nami nikamtazama. Nilikikatia kwenye mchuzi kama vingine.

Nyumba yenyewe, kwa wasioijua, ni ile ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Babu aliijenga kwa miti na udongo. Wewe ukaja kuigeuza ya matofali, tena si kwa kuivunja yote, bali ukuta mmoja mmoja, sisi tukiwa humo humo ndani. Tulihama chumba hadi chumba na magodoro kichwani. Nakumbuka ulipokuwa unajaza kifusi chumbani kwenu kabla ya kumwaga sakafu. Mashine ya kushindilia hukuwa nayo, basi ukaita watoto wa mtaa mzima. Ukatuambia turuke, tucheze, tupige miguu mpaka ardhi ichoke, na atakayebaki wa mwisho anapata kashata. Mama akatupigia beseni. Tulicheza mpaka nguo zikatulowa, na aliyeshinda ni Shaibu, mtoto wa jirani yako, kwa sababu alikuwa mbishi hata wa miguu. Ukampa kashata mbili. Ulimpenda yule mtoto, na mimi wivu ulikuwa unanichoma, sikufichi.

Msingi hukuugusa. Ulisema mawe ya babu yamekaa pale tangu hujazaliwa, yana sababu gani ya kuondoka. Na kweli mawe hayakuondoka, baba. Kilichoondoka ni mchanga uliokuwa chini yake.

Sasa nikukumbushe ile asubuhi ya barazani, na nitakukumbusha kwa hasira kidogo, unisamehe. Shaibu sasa ni mtu mzima mwenye mvi. Marehemu baba yake alipoondoka, akaungana na watu wenye nguvu wavunje nyumba yao wajenge ghorofa, na chini ya ardhi waweke maduka, kama wanavyofanya wengi hapa sokoni. Alikuja akavua viatu, akakupa mikono miwili, akakuomba achimbe mpaka kwenye ukuta wetu kabisa, kwa kuwa kiwanja ni chembamba. Mwingine angesema acha nafasi. Mwingine angesema niletee mtaalamu kwanza, nione utaushikilia vipi ukuta wangu. Wewe ulisema, "Chimba mwanangu. Mimi na baba yako tulikuwa ukuta mmoja, itakuwa wewe nikunyime?"

Mama alikuwa nyuma ya pazia na sinia la chai. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba Zuhura, na nyumba?"

Ukamjibu bila kugeuka: "Nyumba hii haianguki."

Yakaisha. Katika maisha yangu yote sijamsikia mama akikupinga, si mbele za watu wala nyuma yao. Chai ikaletwa, Shaibu akanywa, akakushukuru mpaka machozi yakamlenga. Wewe, fundi wa mizani wa sokoni, mtu uliyekuwa unaona mizani ya muuza dagaa imeinama kabla mwenyewe hajajua! Ungekuwa mzima ungeona. Lakini maradhi yalikuwa yameshakuanza, na walipoanza kuchimba hata kukaa kitandani ulikuwa unasaidiwa. Dirisha la upande ule likafunikwa kwa mabati ili vumbi lisikufikie. Mama alikuwa kichwani kwako usiku na mchana. Kwa hiyo wewe hukuliona shimo, na yeye hakuliona. Ulipofariki akaingia eda kwenye chumba kile kile, na mabati yakabaki dirishani.

Mimi nililiona. Kila nilipopita naelekea kibandani kwangu kuuza vyombo nilichungulia. Chini ya Kariakoo maji hayako mbali, kila mtu anajua. Shimo lilijaa maji, wakaweka pampu ikawa inavuta kutwa nzima, na kila maji yaliyovutwa yalitoka na mchanga. Ule mchanga ulikuwa wetu. Wakaguzi wa majengo walipokuja wakasimamisha ujenzi na kupiga alama nyekundu kwenye uzio wa shimo lao, lakini wakati huo sisi vitunguu vilikuwa vimeshaanza kutembea.

Shaibu nisimsingizie. Hakukimbia. Alikuja kwangu kibandani, uso umemshuka, akasema atatengeneza nyumba ya mzee kabla hajagusa kitu kingine chochote. Akamleta injinia, dada mmoja kutoka Masasi anaitwa Upendo, mwembamba, mkali wa macho, maneno machache. Alining'iniza timazi kwenye kona ya mbele, ile kamba yenye jiwe. Juu kamba iligusa ukuta. Chini iliacha nafasi nikaingiza kiganja changu kizima. Aliingia ndani, na kwa kuwa ni mwanamke aliweza kuingia mpaka kwa mama. Akapiga goti, akamwamkia, akampa pole ya msiba, ndipo akainua macho kutazama kuta. Nyufa zilikuwa zimetoka kwenye kona ya dirisha zikapanda mpaka kwenye kenchi za paa. Akachukua vipande vya kioo, akavibandika juu ya nyufa, saruji huku na saruji huku.

Tulipotoka ukumbini akanishika mkono. "Dada Zuhura, kioo hakinyumbuki. Kikipasuka, ujue ukuta umetembea. Usinipigie simu kwanza. Toka."

Halafu akanieleza kazi ilivyo. Chini ya mawe ya babu wanachimba kipande kifupi, wanajaza zege mpaka likutane na mawe, wanaliacha likaze. Kisha wanaruka, wanachimba kingine mbali na cha kwanza. Vikishakaza vyote ndipo wanarudi kwenye vile walivyoviruka. Ukuta hauachwi hewani hata siku moja isipokuwa pale pale wanapochimba. Ni kama kumbadilishia mgonjwa shuka bila kumtoa kitandani, ndivyo nilivyoelewa mimi. Na kitu cha kwanza alichokitaka ni nyumba iwe tupu.

Hapo ndipo tulipokwama. Wapangaji walitoka siku hiyo hiyo, tena mbio. Mimi nilikuwa tayari. Mama nikamweleza taratibu, nikamweleza kwa kubembeleza, nikamweleza kwa kulia. Mdogo wangu Hamisi akaja kutoka Mbagala na gari la kukodi, anataka ampeleke kwake. Mama akamwambia ameshukuru, gari likapakie vyombo vya wapangaji. Tukadhani ni mambo ya dini, maana mjane hatoki nyumbani mwa mumewe mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Basi tukamwendea shehe wa msikiti wa mtaani. Akaja mwenyewe, akasimama nje ya pazia, akasema kwa adabu kwamba hofu ya nyumba kuanguka ni udhuru, imesemwa hivyo tangu zamani, na mjane akihama kwa hofu hiyo anakwenda kumalizia eda yake kule alikohamia, hana dhambi. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nimwambie shehe ahsante, amesikia, na Mungu amlipe kwa kuja. Kisha akaendelea na tasbihi yake. Shehe alitoka anajifuta jasho.

Nikapandisha hasira, baba. Unanijua. Nikamwambia mama, wewe unataka nikuzike na vumbi? Nikamwambia shehe amekuruhusu, injinia amekuomba, mwanao wa kiume ameleta gari, unamngoja nani tena. Akaacha tasbihi akanitazama.

"Baba yako alisema haianguki."

Hivyo ndivyo alivyokuwa amekaa pale, si kwa dini peke yake. Alikuwa analinda neno lako. Wewe umekufa, huwezi kulitetea, na mtaa mzima ulikuwa umeshaanza kusema mzee yule ndiye aliyeruhusu shimo, mzee yule ndiye aliyeibomoa nyumba yake kwa mdomo wake. Mama kutoka ingekuwa amekubaliana nao. Akikaa, na nyumba ikasimama, basi mumewe hakusema uongo. Nilimwelewa na nikaogopa zaidi, maana mtu anayekaa kwa ukaidi unaweza kumchosha, lakini huyu alikuwa anakaa kwa mapenzi.

Injinia Upendo alifikiri siku kadhaa. Akasema kungoja nako ni hatari, masika yako njiani na mchanga unaendelea kuhama. Akaegemeza mirunda ndani na nje, mingine chini ya kenchi, mingine kutoka shimoni kuushikilia ukuta, nyumba ikawa imejaa magongo. Akaanza kazi kutoka upande wa uani, mbali na mama. Chumba chenu akakiacha cha mwisho.

Sijui nikueleze vipi siku zile. Mafundi ni wanaume, hawawezi kuingia kwa mjane, kwa hiyo mimi nikawa jicho la injinia. Kila wakichimba mimi nakaa chumbani nakodolea vile vioo. Kusinzia siwezi, kushona siwezi, hata chai ilikuwa inapoa mkononi. Mafundi nao walikuwa na heshima zao. Walipofika chini ya usawa wa chumba wakawa kabla hawajapiga sururu wanaita kutoka shimoni, "Hodi mama!" Mama hapazi sauti kwa wanaume, basi anagonga kikombe kwa kijiko, kumaanisha karibuni. Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili nikafikiria kwamba sauti ile inatoka chini ya kitanda chenu, chini ya sakafu tuliyoikanyaga kwa kucheza, na kwamba hapo inapotoka pana mtu kwa sababu hakuna ardhi. Sikucheka tena.

Vipande vya kwanza vilikwenda vizuri. Zege lilikaza, vioo vikatulia, na mimi nikaanza kula. Hamisi akawa anasema kwenye simu labda mama alikuwa sahihi. Hata mimi nilianza kuingiwa na wazo hilo. Kisha mvua ikanyesha, ya kwanza ya masika, ile inayokuja na upepo na kulifanya bonde la Jangwani ziwa. Ikanyesha mpaka alfajiri. Asubuhi walikuwa wafungue kipande cha kona, ile kona ya chumba chenu iliyo karibu zaidi na shimo. Injinia alitaka kuahirisha. Kisha akaona maji yanachuruzika kutoka chini ya kona yetu kuingia shimoni, na yalikuwa yametiwa rangi na mchanga. Akasema hakuna kuahirisha, wakizembea mchanga wote unakwenda. Akaja mlangoni, akaniambia kutoka nje ya pazia, "Leo simameni karibu na mlango. Tafadhali. Mwambie mama karibu na mlango tu."

Mama alikataa hata hilo. Akakaa kitandani upande wake, ule wa ukutani. Mimi nikasimama mlangoni, mguu ndani mguu nje.

Wakapiga hodi. Kikombe kikagongwa. Sururu ikaanza.

Kioo cha juu ya dirisha kilipasuka kwa sauti ndogo sana, kama mtu anatafuna barafu. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki nyingi kusikia sauti ile, na niliposikia sikuelewa. Nilikitazama. Kilikuwa kipande kimoja, sasa ni viwili, na katikati yake pana upenyo mwembamba unaokua. Kikafuata cha pili. Kule chini wakaanza kuitana watoke, nikasikia injinia anapiga kelele jina langu. Nikamrukia mama nikamshika mkono. Akashika nguzo ya kitanda. Nakuapia, baba, mwanamke wa umri ule sijui nguvu zile alizitoa wapi. Nilimvuta mpaka nikahisi bega lake litatoka, na yeye ananitazama tu usoni, macho makavu, midomo inasoma.

Kona ikashuka. Ilitoa mlio mzito kama kabati linaloburutwa. Sakafu ilishuka shubiri moja upande ule na kitanda kikaenda nayo, matofali manne au matano yakaachia kwenye kona yakatumbukia nje, na mabati ya dirishani yakang'oka. Mchana ukaingia chumbani. Nilijua tumekufa. Nilipiga shahada. Nilimkumbatia mama kichwa nikangoja paa.

Paa halikuja. Mirunda ilishika. Vumbi lilipotulia nikaona mama ameondoa mkono kwenye nguzo. Alikuwa anatazama kupitia tundu la kona. Pale, baba, hatua chache kutoka kwenye mto uliolaza kichwa chako miaka yote, dunia ilikuwa inaishia. Shimo lilikwenda chini mpaka mtu anayekimbia kule chini alionekana mdogo, na maji mekundu yamejaa pembeni, na mawe ya babu yamechomoza hewani hayana kitu.

"Hili ndilo shimo?" akauliza.

"Ndilo, mama."

Akalitazama. "Yeye aliliona?"

Nikamwambia hukuliona. Nikamwambia ulikuwa umeshalala kitandani walipoanza.

Kisha akasema, "Nipe kanga yangu."

Nimpe kanga ipi, mikono yangu haikuwa inashika kitu. Alijichukulia mwenyewe, akajitanda, akanishika yeye mimi. Tukapita ukumbini katikati ya magongo, yeye mbele. Tulipofika barazani nikakumbuka kwamba nje ni Kariakoo, mchana, na yeye yuko eda. Mtaa ulikuwa umejaa: mafundi waliotoka shimoni na matope yao, wabeba mizigo, wenye maduka, wateja, watu waliokuja kushangaa. Nikasita. Nilichokiona pale nitakisimulia mpaka nife. Bi Mwajuma, jirani yetu wa ng'ambo, alivua mtandio wake akaunyanyua juu kwa mikono miwili. Mama ntilie akafungua kanga yake kiunoni akafanya hivyo hivyo. Wauza mitumba wakachukua mashuka yanayouzwa. Katika muda mfupi kukawa na njia yenye kuta za nguo kutoka barazani kwetu mpaka mlangoni kwa Bi Mwajuma. Na wanaume, baba, wote, mpaka madereva wa bajaji na wale vijana wa vurugu, waligeuza migongo. Hakuna aliyewaambia. Kelele za mtaa zilizimika, Kariakoo ile ile unayoijua. Mama akapita katikati, hakuharakisha, na mimi nyuma yake nalia kama mtoto.

Amehamia kwa Bi Mwajuma, chumba cha uani, na eda yake inaendelea huko kama shehe alivyosema. Tangu siku ile hajalitaja shimo wala hataki habari zake. Injinia Upendo alikaa chini barazani nusu saa nzima, kisha akanyanyuka akarudisha watu kazini mchana ule ule, kwa kuwa kona isingengoja. Waliweka mirunda mingine, wakajaza mifuko ya mchanga, wakamwaga zege kwenye kona mpaka jua linazama. Shaibu mwenyewe alikuwa anabeba ndoo. Sasa kona imekaa juu ya zege, na vipande vilivyorukwa wanavimalizia. Vioo vipya vimebandikwa. Mpaka naandika haya viko vizima.

Sitakudanganya kwamba nimepona hofu. Injinia anasema nyumba itasimama, ila chumba chenu ukuta wa pembeni utavunjwa ujengwe upya, na shimo lile lazima lizungushiwe ukuta wake wenyewe wa zege kabla halijaendelea. Namwamini. Lakini mvua ikianza tu kugonga bati, hata niwe Ilala kwenye shughuli, hata niwe Posta kwenye foleni, naisikia ile sauti ya kutafuna barafu na mwili unanisisimka. Nikiingia nyumba ya mtu natazama kona kabla ya kusalimia. Watu wananiona nimeharibikiwa. Labda nimeharibikiwa. Nawaomba wenye nyumba hapa mjini, jirani akija kuomba kuchimba, mpeni chai, mpeni heshima zake zote, na mkatae mpaka aje na mtu anayejua ukuta wenu utashikwa na nini. Ujirani hautavunjika. Shaibu angekuelewa, baba. Amenieleza mwenyewe kwa mdomo wake kwamba siku ile alikuja akitegemea utakataa.

Nimekuwa mkali kwako humu. Nakupenda, na nakukosa kila asubuhi. Ulisema ndiyo kwa sababu hukuweza kumnyima mtoto wa rafiki yako aliyekufa, na moyo huo ndio uliotulea. Hilo nalijua. Ila ningependa ungemjibu mama ukiwa umegeuka kumtazama.

Na sasa nifike kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Juzi nilipompelekea mama uji aliniuliza kama nitakwenda makaburini Ijumaa. Nikasema nitakwenda. Yeye hawezi, eda haijaisha. Akanywa uji wake, akaweka kikombe chini, akasema ana ujumbe nikupelekee.

"Mwambie alikosea."

Nilidhani sijasikia vizuri. Mwanamke huyu, miaka yote ile, baba. Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Nikaona niutie ujumbe sukari kidogo, nikamuuliza, basi na nimwambie pia umemsamehe?

"Hilo nitamwambia mwenyewe," akasema.

Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayesema atapitia sokoni akirudi. Mwaka huu nimeogopa mengi, nimeogopa ukuta, nimeogopa mvua, lakini hakuna lililonitisha kama utulivu ule. Basi nimekufikishia, ulikosea. La pili mngoje mwenyewe. Na nakuomba kwa jina la Mungu, baba yangu, mngoje sana. Usimwite.

Lala salama.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Zuhura